Shimo la Mzee Tofali

Mzee Tofali hakuzaliwa na jina hilo, lakini ilifika mahali hata mkewe akalizoea. Kwa miaka thelathini na ushee alikuwa akifyatua matofali kando ya mto, na ukitembea pale kijijini kutoka shuleni mpaka zahanati, katika kila nyumba tatu utakazozipita, mbili zilikuwa zimetoka mikononi mwake. Matofali yake aliyatambua kama mtu anavyotambua mwandiko wake. "Haya ni ya ule mwaka wa kiangazi," alikuwa akisema, akigonga ukuta wa mtu kwa kidole. "Kuni zilikuwa kavu, ona yalivyoiva." Mwenye nyumba, hata awe na haraka zake, ilibidi asimame ausifie ukuta wake mwenyewe kwanza ndipo aruhusiwe kupita.

Alikuwa mtu mfupi, mabega mapana, viganja vigumu kama gome. Akiwa kazini alipiga mluzi, wimbo ule ule siku zote, unaopanda juu halafu unakatika. Mkewe alisema ameolewa miaka yote hiyo na hajawahi kuusikia ule wimbo ukiisha.

Udongo aliutoa ukingoni mwa mto, chini kidogo ya nyumba yake. Ulikuwa udongo mwekundu, unaonata, usio na chembe ya mchanga. Alipoanza kazi, ukingo ulikuwa umesimama juu kumpita mtu mzima na umejaa matete. Matete aliyafyeka mwanzo kabisa, maana mizizi yake ilimsumbua kwenye jembe. Kisha kila mwaka shimo likasogea hatua chache, na ukingo ukashuka kidogo kidogo, mpaka mtu aliweza kukaa shimoni akaona maji ya mto yakipita usawa wa magoti yake. Hakuna aliyemkataza. Nani amkataze, na kila mtu alitaka nyumba?

Hatua mia moja kutoka pale, kufuata maji yanakoelekea, ilikuwa nyumba ya mdogo wake wa kike. Mama yao alifariki Tofali akiwa na miaka kumi na sita na huyo mdogo akiwa na saba, na tangu siku hiyo kaka ndiye aliyekuwa mama na baba. Alimsomesha, akamtafutia mahali pa kujifunza ushonaji, na mumewe alipokwenda kutafuta kazi mbali akasahau njia ya kurudi, Tofali alimjengea vyumba viwili na kibaraza cha kuwekea cherehani. Sare za shule za watoto wote wa pale zilitoka kwenye kibaraza kile. Watu walikuwa wakitania kwamba kaka anawapa kuta na dada anawapa nguo, kwa hiyo ukoo mmoja umewasitiri wote.

Siku mto ulipotoka njiani mwake ilikuwa saa saba mchana. Kwao palikuwa na manyunyu tu, ila milimani mvua ilikuwa imeshinda siku mbili bila kupumzika. Tofali alikuwa akifunika matofali mabichi kwa mabati aliposikia mngurumo. Akadhani ni lori. Alipogeuka, aliona maji ya rangi ya chai ya maziwa yakija na magogo juu yake. Hayakupanda ukingo wote. Yalifika kwenye shimo lake, yakaingia kama mtu aliyekuta mlango uko wazi, yakajaa, kisha yakakata kona na kuteremka tambarare moja kwa moja kwa mdogo wake.

Tofali alikimbia, na mpaka leo hajui miguu yake ilikanyaga wapi. Alipofika, maji yalikuwa kiunoni na mdogo wake alikuwa kibarazani, amekumbatia cherehani, anajaribu kuipandisha juu ya meza.

"Acha cherehani!"

"Na sare za watu je?"

"Acha, nasema! Watavaa magunia!"

Alimng'oa pale kwa nguvu, akambeba mgongoni kama alivyokuwa akimbeba zamani wakivuka mto kwenda shule, akajikokota naye mpaka kwenye mwinuko. Wakiwa pale juu, wanahema, waliona jiko likienda. Halafu ukuta wa mbele ukainama polepole, ukalala majini mzima mzima. Mdogo mtu hakulia. Alisema tu, "Ile sare ya mwisho ilikuwa imebaki vifungo."

Hakufa mtu. Lakini mkunga mzee aliyekaa mbele zaidi alipoteza ghala zima la mahindi, chakula cha mwaka, na jirani mmoja mwenye mbuzi wengi, ambaye kila mtu alimwita Baba Mbuzi, alipoteza watatu.

Siku ya tatu maji yalikuwa yamerudi kwao. Tofali aliteremka peke yake kwenda kutazama. Hakuhitaji kuambiwa na mtu. Pale ambapo ukingo ulikuwa bado na matete, juu ya shimo na chini yake, nyasi zilikuwa zimesimama, zimechafuka tu. Lakini kutoka shimoni kwake mpaka mlangoni kwa mdogo wake palikuwa na njia moja pana, nyasi zimelala zote upande mmoja kama nywele zilizochanwa. Alisimama pale muda mrefu ameshika tama. Kisha akafanya jambo ambalo hata yeye alipokuja kulisimulia alilisimulia akitazama pembeni. Alikwenda nyumbani, akachukua jembe, akailima ile njia yote, kutoka mwanzo hadi mwisho, kama mtu anayetayarisha bustani. Ilimchukua asubuhi nzima. Alipomaliza, pale pakawa udongo mtupu usiosema kitu.

Wiki iliyofuata alianza kuujenga upya ukuta wa mdogo wake. Alichagua matofali bora ya tanuri la mwisho, akakataa msaada wa fundi mwingine. Watu walimsifu: kaka ndiye huyu. Mkewe peke yake ndiye aliyeona kwamba siku zote za ujenzi hakupiga mluzi hata mara moja. "Unaumwa, baba watoto?" alimuuliza. Akajibu kuwa ni mgongo.

Haukupita mwezi, ukaitishwa mkutano wa kijiji. Watu walitaka ukuta wa zege kando ya mto wote, wajengewe na serikali. Mwenyekiti alieleza kuwa ombi limepelekwa, na kila mtu alijua maana yake: litakaa kwenye faili mpaka panya wachoke nalo. Ndipo akasimamishwa mtaalamu wa kilimo, mwanamke kijana aliyevaa buti za mpira. Aliyemtangulia alikuwa mwanamume, ulimi wa watu ulishazoea, kwa hiyo naye wakamwita Bwana Shamba. Mwanzoni aliwasahihisha. Baadaye akachoka.

Alisema kwamba kila nyumba inayopakana na mto inaweza kuanza yenyewe. Waache hatua kumi kutoka majini wasizilime. Karibu na maji warudishe matete. Juu yake wapande mistari ya majani marefu aliyoyaita vetiva, ambayo mizizi yake inashuka chini kumpita mtu kimo, na nyuma yake mianzi na miti. "Sisemi maji hayatakuja," alisema. "Yatakuja, lakini yatakuja yamechoka."

"Hatua kumi hizo ndizo zenye mboga zangu," alisema mtu mmoja. "Nani atanirudishia?"

"Hakuna," alijibu yule mwanamke. "Siwezi kukudanganya."

Watu wakamgeukia Tofali, maana yeye ndiye aliyejua habari za udongo na mto. Alikuwa amekusudia kukaa kimya. Lakini macho yalipomzidi akasimama, akakohoa, akasema, "Binti yangu, maji haya yamelaza ukuta wa matofali ya kuchoma. Leo unataka yaogope majani?"

Mkutano wote uliangua kicheko. Mwenyekiti mwenyewe alijifuta machozi. Bwana Shamba alitabasamu kwa adabu na kuanza kukunja karatasi zake. Hapo ndipo mdogo wake Tofali alipoinuka kutoka upande wa wanawake.

"Mimi nipe hivyo vipando," alisema. "Nianzie wapi?"

Akawa wa kwanza, na kwa muda mrefu akawa wa pekee. Kwa kuwa cherehani ilikuwa bado na matope tumboni na kazi imesimama, aliingia mtoni. Alichimba mistari, akapanda vetiva kishina kwa kishina, akachomeka matete kwenye tope la chini. Mbuzi wa Baba Mbuzi walikula mstari wa kwanza wote. Akapanda tena, akauzungushia miiba. Wapita njia walimuuliza kama siku hizi anashona nyasi. Aliwajibu ndiyo, walete vipimo.

Mistari ilipoanza kushika, alimfuata kaka yake shimoni. Tofali alikuwa amepiga magoti, anapiga udongo ndani ya kalibu.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Cherehani imepona?"

"Inakohoa bado." Alikaa kwenye rundo la matofali mabichi. "Kaka, Bwana Shamba alikuja kuona kazi yangu. Amesema nimepanda vizuri, ila nimefunga dirisha na mlango uko wazi."

Tofali aligeuza kalibu, akaliacha tofali lishuke. "Mlango gani?"

"Huu." Hakunyoosha kidole. Alitazama tu pale walipokuwa.

"Unataka nifunge shimo?"

"Naomba ulifunge."

"Halafu nifyatue nini? Uji?" Sauti ilimpanda bila yeye kupenda. "Shimo hili ndilo lililokulipia shule. Ndilo lililojenga nyumba unayolala. Leo umekutana na msichana mwenye buti, unakuja kunifundisha mto?"

 Mdogo wake aliinuka, akapangusa vumbi kwenye sketi. "Sawa, kaka," alisema. "Kazi njema."

Tangu siku hiyo wakanuniana. Walisalimiana kwa mbali, salamu za kupungia mkono, na mke wa Tofali akawa mjumbe wa kubeba maneno kutoka nyumba hii kwenda ile mpaka siku moja akawaambia wote wawili kwamba yeye si posta.

Kilichoyageuza mambo kilikuwa kitu kidogo. Tofali alikuwa amepeleka matofali kwa Baba Mbuzi, aliyetaka kujenga banda jipya, na walikuwa wakiyashusha kutoka kwenye toroli huku wakipiga soga. Baba Mbuzi alikuwa mtu wa maneno mengi, na maneno yake mengi hayakuwa na kazi.

"Mdogo wako yule ana moyo," alisema. "Unajua baada ya mafuriko tulimbana? Mimi, mwenyekiti, na mama mkunga. Mama mkunga alikuwa mkali, ghala limekwenda! Tukamuuliza, wewe ulikuwa pale pale kibarazani, maji yaliingilia wapi? Maana palikuwa na mtu anasema yaliingilia kwako, shimoni."

Tofali alishika tofali, hakuliweka chini. "Akasema nini?"

"Akasema yalipanda sawa kote, ukingo mzima, hakuna aliyeyazuia wala aliyeyaita. Ndiyo ikaandikwa hivyo. Basi, habari ikaisha." Baba Mbuzi alipokea tofali kutoka mkononi mwake. "Mbona umekuwa baridi? Kaa chini unywe maji."

Hakukaa. Aliliacha toroli pale pale, akaenda kwa mdogo wake. Alimkuta kibarazani akipachika vifungo kwa mkono. Ukuta mpya ulikuwa nyuma yake, matofali mekundu yaliyonyooka kama mstari wa daftari, na Tofali hakuweza kuutazama.

"Kwa nini uliwaambia maji yalipanda kote?"

Mdogo wake alikata uzi kwa meno. "Nani amekuambia?"

"Jibu kwanza."

"Ulitaka niseme nini?"

"Uliyoyaona. Ulikuwa umekaa hapo hapo."

"Niliyoyaona niliyaona," alisema. "Na siku ya tatu nilikuwa nimekaa pale kwenye kifusi natafuta sindano zangu, nikakuona unalima. Asubuhi nzima unalima. Nikajiuliza, kaka yangu na bustani, wapi na wapi?"

Tofali alikaa kwenye ngazi ya kibaraza.  Watoto wawili walipita wakitoka shule, wakamwamkia, hakuitika, na hilo halikuwa kawaida yake.

"Ungeweza kufa," alisema hatimaye. "Kwa udongo wangu."

"Ungeweza kuniacha, lakini ulikuja."

"Usinisafishe. Nimeujua ukweli tangu siku ile, nikaufukia kwa jembe. Halafu nikasimama mkutanoni nikawachekesha watu."

"Kicheko chenyewe kilikuwa kizuri," alisema mdogo wake. Aliweka sare pembeni. "Kaka, sikutaka wakuseme. Hilo tu. Lakini mvua zikianza mimi silali. Nakaa kitini nimevaa viatu. Sikukuambia kwa sababu umenilea, na mtu aliyekulea humwambii kila kitu. Sasa umejua."

Alilia Mzee Tofali, mtu mzima na mvi zake, amekaa kwenye ngazi aliyoijenga mwenyewe. Mdogo wake alimwacha alie. Alirudi kwenye vifungo vyake, akapachika kimoja, akapachika cha pili.

Asubuhi iliyofuata Tofali alimwambia mkewe kuwa anafunga shimo. Mkewe alikuwa akichochea moto. Hakugeuka.

"Na sisi tutaishi kwa nini?"

"Kuna udongo wa vichuguu kule juu."

"Kule juu ni mbali. Na maji utayabeba kichwani? Na huo mgongo?"

"Mgongo haukuwa unauma," alisema Tofali, akamweleza yote, na jembe, na mkutano, na mdogo wake anayekaa kitini na viatu. Mkewe alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema jambo moja tu, kwamba alijua ni kitu, maana mgongo haumzuii mtu kupiga mluzi.

Bwana Shamba alipoitwa hakumkumbusha Tofali mzaha wake. Alilizunguka shimo, akachora mchangani kwa kijiti. Tofali alitaka kulijaza mawe na kulisimamishia ukuta. Bwana Shamba akamkataza: ukuta mtupu mto utaula kwa chini. Ukingo ulazwe, uwe mteremko. Chini wachomeke vigingi vibichi vya miti inayochipua, wasuke fito katikati yake, nyuma yake wajaze udongo. Matete yaanzie hapo. Vetiva juu, mistari mitano. Na sehemu ya ndani kabisa ya shimo iachwe kuwa bonde la kupokelea maji, ili mto ukija ukute pa kukaa.

Kazi ile ilimlia miezi minne. Siku nyingine mdogo wake alikuja, siku nyingine mkewe, siku nyingi alikuwa peke yake. Ndipo ilipoonekana kuwa mikono iliyopanga matofali inajua pia kupanga majani. Kati ya kishina na kishina alipima nusu tofali, na akiona mstari umepinda aling'oa na kupanda upya, mpaka mdogo wake akamwambia mto hautakuja na rula.

Mvua za kwanza zilibeba theluthi ya vipando. Tofali alisimama mbele ya lile pengo, akatukana tusi ambalo mkewe alijifanya hakulisikia, akaanza tena. Huku nyuma maisha yalibana. Udongo wa vichuguu ulikuwa mzuri lakini mgumu kama mfupa, na maji ya kuukandia ilibidi ayapandishe kwa toroli. Zamani alifyatua matofali mia tatu kwa siku; sasa akifikisha mia alishukuru. Wateja wengine walihama kwa fundi wa kijiji cha pili. Nyumbani chai ilipungua sukari, na mkewe, ambaye hakuwa mtu wa kulalamika, siku moja alisema wazi kwamba anaichukia ile nyasi.  Walikunywa chai ile hivyo hivyo.

Mwaka wa pili vetiva ilikuwa imefika kifuani na vigingi vimekuwa miti midogo yenye majani. Mke alianza kukata matete yaliyokomaa na kusuka mikeka, ikapata wanunuzi, na chuki yake kwa nyasi ikapoa kidogo. Mwaka wa tatu, mto ukatoka tena.

Safari hii ilikuwa asubuhi, watoto wako shuleni. Mngurumo ulikuwa ule ule, maji yale yale ya rangi ya chai, magogo yale yale. Tofali na mdogo wake walisimama kwenye mwinuko, na mdogo alikuwa amemshika kaka mkono kwa nguvu mpaka kucha zikaingia. Maji yalifika kwenye matete. Yakayainamisha yote, yakapita juu yake. Tofali aliona maji yakiingia bondeni, yakazunguka, yakajaa, yakaanza kuteremka tambarare.

Lakini hayakuwa na mbio. Yalikuja yakitambaa. Magogo yalikuwa yamenaswa kwenye miti, yamebaki nyuma. Maji yalifika kwa mdogo wake, yakaingia mlangoni kama mgeni mwenye haya, yakapanda mpaka nusu ya muundi, yakakaa hapo mpaka alasiri. Cherehani ilikuwa juu ya meza tangu alfajiri. Ukuta haukutikisika. Palikuwa na sehemu moja mto ulipopasua, pale Tofali alipoacha kijia cha kunyweshea ng'ombe wa kijiji, na hapo ulichimba mfereji wa kuingia mtu. Bwana Shamba alikuja baadaye akaupima, akamwambia kijia kikatwe mshazari, kisielekee mto uso kwa uso.

Wengine hawakuwa na bahati hiyo. Banda jipya la Baba Mbuzi lilikwenda, na Tofali alikuwa miongoni mwa waliotumbukia majini kuwavuta mbuzi kwa pembe, Baba Mbuzi akiwa juu ya paa anawaita kila mmoja kwa jina lake. Kwa mkunga maji yaliingia mpaka kitandani, na upande wa nyuma wa nyumba ukabomoka.

Mkutano ulioitishwa baadaye ulijaa. Safari hii hakuna aliyecheka. Mwenyekiti alimwita Tofali mbele aeleze alichofanya, maana wote walikuwa wameona nyumba ya mdogo wake imesimama. Tofali alieleza habari ya fito, vigingi na mistari. Akatakiwa kuketi. Hakuketi.

"Kuna lingine," alisema. "Mafuriko ya mwaka ule hayakupanda kote. Yalipitia shimoni kwangu. Ukingo niliukata mimi, matete niliyafyeka mimi. Na maji yalipoondoka niliilima njia yake ili msiione. Mdogo wangu aliwaficha kwa ajili yangu. Mwenye kosa ni mimi."

 Mkunga, aliyekuwa amekaa mstari wa mbele kwa sababu ya masikio yake, aliinuka kwa fimbo.

"Wewe," alisema. "Watoto wako wanne nimewapokea kwa mikono hii. Mwaka ule nilikula kwa kuomba. Ulinipita barabarani kila siku ukiniamkia."

"Ndiyo, mama."

"Kila siku!" Aligeuka, akatoka nje polepole, na watu wakampisha.

Baada ya hapo nyumba kumi na moja kati ya arobaini zinazopakana na mto zilianza kupanda. Baba Mbuzi alikuja wa kwanza kuomba vipando, akasema ni vya shemeji yake. Wengine walisema watasubiri zege, na bado wanasubiri. Tofali alikwenda kwa kila aliyemwita, na kwa wengine ambao hawakumwita, akalalamika kuwa wanapanda juu juu kama wanapanda kitunguu. Mluzi ulirudi, na wimbo bado haukufika mwisho.

Mkunga hakuitika salamu yake kwa mwaka mzima. Tofali aliendelea kumwamkia, yeye akaendelea kutazama mbele. Ukuta wake wa nyuma Tofali alikuwa amemjengea kwa ruhusa ya mwanawe, kidogo kidogo kila Jumapili mwenyewe akiwa kanisani, naye hakuuliza nani anaujenga. Ila kila mvua ilipomega kiasi cha ardhi nyuma ya nyumba yake, Tofali alikuwa akiona kwa mbali, na ilimkosesha raha. Siku moja alipiga moyo konde, akajaza toroli vipando vya vetiva, akaenda. Mlango ulikuwa wazi, hodi haikuitikiwa. Akazunguka nyuma, akapiga magoti ukingoni, akaanza kuchimba.

Alikuwa amefika kishina cha saba aliposikia fimbo nyuma yake. Hakuthubutu kugeuka.

"Hapo usipande," ilisema sauti ya mkunga. "Mbuzi wa yule bwana wanapita hapo hapo."

Tofali aling'oa vishina vyote saba, akasogea hatua mbili, akaanza upya. Mkunga alileta kigoda chake, akaketi, akamsimamia mpaka mistari mitatu ikaisha, na katika muda huo alimsahihisha mara mbili nyingine.

Jioni mkewe alimuuliza kama mama mkunga amemsamehe.

"Hajasema," alijibu Tofali, akivua viatu vilivyojaa tope. "Ila kasema kesho niende na mianzi."